Usinunue spea kabla mlio haujapatikana

Mara nyingi mteja anaingia gerejini akiwa ameshika boksi la spea mkononi. Kanunua shokapu mbili mjini, anataka tuzifunge, kwa kuwa kuna mtu kasikia gari lake likipita akamwambia hizo ni shokapu zimekwisha. Huwa namwomba akae kwanza tuzungumze. Tukizifunga na mlio ukabaki, fedha imeshakwenda, maana spea iliyokwisha kufungwa dukani hawaipokei tena. Ndiyo sababu hapa kwetu Nyakato, Mwanza, kutafuta mlio ni kazi inayojitegemea, ina muda wake na bei yake. Wapo wanaoona fundi akilizungusha gari lao mtaani wakahisi anachoma mafuta yao bure, kwa hiyo naona ni haki nieleze kinachofanyika.

Mwaka huu alikuja mwalimu mstaafu wa kutoka Kisesa na Carina yake ya mwaka 1998. Carina ziliacha kutengenezwa mwaka 2001, lakini hii bado imetulia, bodi safi, injini haina moshi. Tatizo lilikuwa mlio wa "kwacha-kwacha-kwacha" upande wa mbele kushoto kila anapoacha lami.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba fundi. Gari limenishinda. Nimebadilisha shokapu, nimebadilisha stabilaiza linki, bushi nazo nimeweka mpya. Bado linalia vilevile."

Sikufungua kitu. Nilimwomba aendeshe yeye, mimi nikae kushoto. Hili nalishikilia sana: safari ya kwanza mwenye gari ndiye anayeshika usukani, kwa sababu yeye anajua linalia wapi na akienda kwa mwendo gani. Tukaingia njia ya vumbi, mwendo kama kilomita 30 kwa saa. Mlio ukaanza. Nikamwambia, "Mwalimu, gusa breki kidogo tu, usisimame." Akagusa, kimya. Akaachia, ukarudi. Tulirudia mara tatu na jibu likawa lilelile.

Tulipotoa gurudumu tukakuta pedi za breki bado nene kabisa, ila klipu zake hazipo. Ni vibati vidogo vyembamba vinavyokaa kati ya pedi na fremu yake ili pedi isicheze. Pedi zilipobadilishwa mahali fulani huko nyuma, klipu za zamani ziliondolewa na hazikurudi. Breki zinashika bila hizo, na gari likiwa limesimama huoni tofauti yoyote, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini kwenye barabara ya mawimbi pedi ilikuwa inaruka ndani ya nafasi yake hadi breki ikiibana, na pini za kaliper, kile kifaa kinachobana pedi, nazo zilikuwa zimekauka grisi. Tuliweka klipu, tukasafisha pini na kuzipaka grisi ya breki inayostahimili joto. Gharama yote haikufikia bei ya shokapu moja kati ya zile alizokwisha kununua, na jambo hilo liliniuma kwa niaba yake, kwa sababu zile za zamani alizozitoa huenda zilikuwa bado na maisha.

Kipimo hicho cha breki unaweza kukifanya mwenyewe, ila uguse kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu, uzito wa gari unakimbilia mbele, bushi, ile mipira ya kwenye viungio, zinabanwa, na mlio wa kitu kingine kabisa unaweza kunyamaza ukadhani ni breki.

Kinachofanya mlio uwe mgumu kuupata ni chuma chenyewe. Hewani sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, ndani ya chuma inafika kama mita 5,000. Kitu kinachogonga chini ya kiti cha nyuma kinapita kwenye bodi na kusikika kama kimo ndani ya dashibodi. Kwa hiyo hatuliamini sikio peke yake. Tunabadilisha jambo moja, tunasikiliza, tunabadilisha lingine.

Barabara zetu zinasaidia katika hili. Tuna lami ya kwenda Musoma, tuna njia za vumbi, na zile za mawe zinazopanda milimani upande wa Mabatini. Kila moja inaamsha kitu chake. Kwenye tuta, magurudumu yote mawili ya mbele yanapanda kwa pamoja, kwa hiyo ile fimbo ya stabilaiza inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia inazunguka tu kwenye bushi zake, na linki, vile viungo vya kwenye ncha zake, hazipati kazi kubwa. Gurudumu moja likiingia shimoni wakati la pili liko juu, ndipo fimbo inajipinda na linki inavutwa. Basi gari likiwa kimya kwenye tuta lakini linagonga kwenye vishimo vya upande mmoja, naanza na linki. Likigonga kote kote, naangalia shokapu, kile kiti cha mpira kinachoishika kwa juu, na bushi za mikono ya chini. Rasta, yale matuta madogo yanayofuatana barabarani, ni kitu kingine: zinatikisa haraka haraka, na hapo ndipo vitu vyepesi vinajitaja, kama bati, plastiki za dashibodi au kioo cha mlango kilicholegea kwenye reli yake.

Mlio ukiwepo hata gari likiwa limesimama na injini inawaka, habari inabadilika. Hapo twende kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi. Juu ya bomba kuna mabati ya kukinga joto, na kwenye gari la miaka 20 na zaidi boliti zake huliwa na kutu hadi tundu la bati linakuwa kubwa kuliko kichwa cha boliti. Linalia kwenye mzunguko fulani wa injini tu. Ukikanyaga mafuta zaidi linanyamaza. Wengi huling'oa na kulitupa. Naomba usikubali, hasa pale bomba linapopita karibu na paipu za mafuta au chini ya zulia, maana lile bati ndilo linalozuia joto lisifike huko. Tunalirudisha kwa washa pana au tunalibana kwa klampu ya chuma. Masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, nayo yakivunjika ndani yanalia kama changarawe ndani ya kopo; injini ikiwa imepoa unagonga kwa nyundo ya mpira na kuyasikia.

Kabla ya yote hayo tunatoa kila kitu kwenye buti. Mama mmoja anayechukua samaki Mwaloni Kirumba alikuja na Probox, ana hakika shokapu za nyuma zimekufa. Jeki ilikuwa imeacha kishikio chake. Maji ya barafu ya samaki yalikuwa yamevujia chini miaka mingi, kutu ikala kile kishikio, na jeki ikawa inapiga bodi kila tuta. Tulimpigia kishikio kipya, lakini pia tulimwonyesha sakafu ilipoanza kuoza ili aiwahi.

Kuna milio ambayo sitaki uisubirie nafasi. Mlio mzito wa kugonga unaousikia hadi kwenye usukani, usukani unaocheza, au gari linalovuta upande ghafla, inaweza kuwa boljointi au tairodi, viungo vinavyoshika na kugeuza gurudumu, imekwisha, na ikichomoka gurudumu linakugeukia ukiwa barabarani. Kama mlio umeanza siku moja au mbili baada ya kubadilisha tairi, simama sasa hivi ukague nati. Kwa Toyota nyingi ndogo kiwango cha kukaza ni nyutonimita 103, na sisi tunakaza kwa spana yenye kipimo. Milio ya aina hii usilete gari ukiendesha. Piga simu, tutakuja.

Kutafuta mlio tunatoza shilingi 20,000. Ukiamua tukutengenezee, fedha hiyo inakatwa kwenye bili. Ukiamua kwenda kwa fundi wako, unaondoka na karatasi inayosema tumekuta nini na wapi. Kabla ya kuja, jaribu kukumbuka: linalia likiwa la baridi au limeshapata moto, ukikata kona upande gani, umebeba watu au uko peke yako, na ni kazi gani ya mwisho iliyofanyika kwenye gari kabla mlio haujaanza. Swali hili la mwisho ndilo lililotupatia majibu mengi kuliko chombo chochote tulicho nacho.

Kazi ya mlio tunaifanya asubuhi tu, kuanzia saa 1:30. Ikifika saa 3 majirani zetu wa bodi wanaanza kunyoosha mabati, na kwa nyundo zile hatuwezi kusikia klipu ya breki. Kama unakaa mbali, leta gari jioni lilale hapa. Asubuhi tutaliwasha likiwa la baridi ukiwa umeshafika.