Mwani tunaoupanda hauna mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nisahihishe makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu kilimo cha mwani, ambayo ilieleza kwamba mwani huchanua na kutoa mbegu, na kwamba maradhi yanayouharibu huku Pemba ni kuvu. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli ya sekondari, na mama yangu analima mwani pwani ya Kiuyu Mbuyuni, kwa hiyo makosa haya mawili yamenigusa kazini na nyumbani.

Zinazochanua baharini ni nyasi za bahari, zile zenye majani marefu yanayolala mchangani maji yakitoka. Hizo zina mizizi, maua na mbegu kama nyasi za nchi kavu. Mwani hauna hata kimoja kati ya hivyo. Mwani mwekundu, ambao ndio jamii ya spinosamu na kotonii, aina mbili tunazolima, huzaliana kwa spora, yaani chembe ndogo za uzazi zisizo mbegu, na uzazi wake una hatua tatu: kuna mwani dume na mwani jike, kuna kizazi kidogo kinachokulia juu ya mwili wa jike baada ya kurutubishwa, na kuna kizazi kinachotokana na spora za hicho kidogo, ambacho kwa macho ni vigumu kukitofautisha na dume au jike. Chembe za dume hazina hata mkia wa kuogelea. Hungoja kuchukuliwa na maji. Mwaka jana mama aliokota mwani wa mwambani uliong'olewa na mawimbi, tukaupapasa na kukuta vinundu mfano wa punje za mtama. Humo ndimo kizazi kile kidogo kinamolelewa. Katika shamba lake mwenyewe, alilolilima miaka mingi, hajapata kuviona.

Shambani hangoji mwani uzae. Bamvua likifika, yaani siku maji yanapotoka sana, huvuna, huchagua vipande vyenye afya, huvifunga kwa taitai, vile vijikamba vyembamba, kwenye kamba ndefu, na baada ya wiki sita hivi huanza upya. Sote huita vipande hivyo mbegu, na sina ugomvi na neno hilo likisemwa pwani. Gazeti, hata hivyo, lilipaswa kueleza kuwa kipande kilichokatwa ni mmea ule ule unaoendelea kukua. Mwani wa biashara ulioanza kupandwa Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, mwaka 1989 asili yake ni Ufilipino, na tangu hapo kazi imekuwa kukata na kufunga. Ndiyo maana, kwa kuwa vipande vyote ni mmea ule ule, maji yakizidi joto mashamba huugua kwa pamoja, na kotonii, yenye bei nzuri zaidi, imetoweka katika sehemu nyingi ilikokuwa ikilimwa.

Ama kuvu, bahari inao wake, na ukivunja gogo la mkoko lililooza umeishika kazi yao mkononi. Maradhi yanayoharibu mwani wetu, ule weupe unaokata matawi yake, ni jambo jengine: mmea hudhoofishwa kwanza na joto, mwanga au mabadiliko ya chumvi, kisha bakteria humalizia. Msomaji aliyeamini makala yenu anaweza kwenda kununua dawa ya kuvu akaimwaga baharini, ilhali linalosaidia ni kuhamishia kamba kwenye maji yenye kina zaidi na mkondo mzuri.

Mwani wa asili ya Afrika Mashariki, usioletwa kutoka nje, bado unaota kwenye miamba yetu. Naomba gazeti liwaulize wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, kule Buyu, Unguja, pamoja na wizara inayohusika, ni kazi gani inafanyika ya kuulea mwani huo kwa spora, na ni lini mkulima wa Micheweni atafunga kipande chake cha kwanza. Mwandishi wenu akitaka kuanzia shambani, mama atampokea siku yoyote ya bamvua, ilimradi asije na viatu vya mjini.

Mwalimu wa sayansi,
Micheweni, Pemba