Tusizidharau pudini za nyumbani za Waingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu jambo ambalo sisi Waswahili tunaoishi Uingereza tumezoea kulidharau kabla ya kulionja. Kila tukikutana harusini au matangani, mazungumzo yakishafika kwenye chakula, hukosi kusikia kwamba Waingereza hawajui kupika, kwamba vyakula vyao ni chapwa, na kwamba anayealikwa kwao heri ale kwanza nyumbani kwake. Mboga zao zilizochemshwa mpaka zikapoteza rangi sitazitetea. Lakini nimeishi Leeds miaka kumi na minne, na nina hakika kwamba mwenye kusema hivyo hajapata kuketi jikoni kwa Mwingereza mtu mzima siku anapopika pudini kwa mikono yake mwenyewe.

Neno lenyewe huwachanganya wageni. Hapa Yorkshire kuna pudini isiyo tamu, ya unga, mayai na maziwa, inayoumuka tanurini na kuliwa pamoja na nyama ya kuoka na mchuzi wake. Kuna na pudini nyeusi, ambayo ni soseji ya damu, na sisi Waislamu hatuna haja nayo. Zote hizo zimebakiza jina la zamani, kwa kuwa pudini za kwanza zilipikwa ndani ya matumbo ya wanyama. Ni katika karne ya 17 ndipo kitambaa kilipochukua nafasi ya utumbo, na hapo hata nyumba isiyo na tanuri, ilimradi ina sufuria na moto, ikaweza kufunga unga, shahamu na matunda makavu na kuyatokosa kwa saa kadhaa. Siku hizi mwenyeji akikuuliza kama utakula pudini, aghalabu anakusudia kitamutamu cha baada ya chakula, na hicho ndicho ninachokizungumzia.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja jirani yangu, mjane, ambaye majira yangu ya kwanza ya baridi hapa alinigongea mlango akiwa ameshika bakuli la moto lililofunikwa kwa taulo. Ndani mlikuwa na rubabi, mmea wenye mabua mekundu machachu mithili ya ukwaju, uliopikwa kwa sukari na kufunikwa chembechembe za unga, siagi na sukari zilizookwa mpaka zikawa za hudhurungi. Baadaye nilifahamu kwamba rubabi ya majira ya baridi ni fahari ya eneo letu hili, kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, ambako hukuzwa ndani ya mabanda yenye giza na kuvunwa kwa mwanga wa mishumaa, kwa sababu mwanga mkali huharibu ulaini wa mabua. Mwaka 2010 jina lake lilipewa ulinzi wa kisheria barani Ulaya, kama wanavyolindiwa Wafaransa mvinyo wao. Chakula kinachotunzwa hivyo tangu shambani hakiwezi kuitwa chakula cha watu wasiojali ladha.

Pishi hilo la chembechembe lina historia inayonigusa. Lilienea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale sukari na siagi zilipogawiwa kwa kipimo kuanzia Januari 1940, na mgao wa vyakula haukwisha kabisa hadi 1954. Kufunika matunda kwa chembe kulitumia unga na mafuta kidogo kuliko kutengeneza pai kamili. Mama wa nyumbani aliyekuwa na matofaa ya bustanini na vijiko vichache vya siagi aliweza bado kuwawekea watoto wake kitu kitamu mezani. Nasi tunaujua uhodari wa namna hiyo, kwani mama zetu hawakutupa kiporo cha wali bali walikisaga kikawa vitumbua.

Hata kastadi inayomiminwa juu ya pudini hizi si ngeni kwetu. Ile poda ya manjano ambayo wengi wetu tumekua tukiiona madukani ilibuniwa Birmingham mwaka 1837 na mkemia Alfred Bird, kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na mayai, naye mume akatafuta njia ya kupata uzito uleule kwa wanga wa mahindi.

Sasa nije kwenye karafuu, maana mimi ni mzaliwa wa Pemba. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yaani majuma ya Wakristo ya kungojea Krismasi, jirani yangu hukoroga pudini yake ya Krismasi. Sala ya siku hiyo katika kitabu cha zamani cha Kanisa la Anglikana huanza kwa neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kuchochea mioyo na pia ya kukoroga chakula, na watu wakaichukua kuwa ukumbusho wa kushika mwiko. Kila aliyemo nyumbani hukoroga zamu yake huku akiomba jambo moyoni. Zabibu za aina mbalimbali, maganda ya machungwa yaliyokaushwa kwa sukari, shahamu ya figo za ng'ombe, chembe za mkate, mayai, sukari nyeusi, mdalasini, kungumanga na karafuu huchanganywa, hufungwa kwenye bakuli na kupikwa kwa mvuke saa nane nzima, kisha huwekwa majuma kadhaa mpaka ladha zishikane. Mara ya kwanza nilipoinamia bakuli lile niliisikia harufu ya nyumbani, ya majamvi yaliyoanikwa karafuu barabarani wakati wa mavuno, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Uhusiano huo uliwahi hata kuandikwa. Mwaka 1927 bodi ya serikali ya Uingereza iliyotangaza bidhaa za himaya yake ilisambaza maelekezo ya pudini ya Krismasi kutoka kwa mpishi wa Mfalme George wa Tano, kila kiungo kikitajwa na nchi yake: zabibu za Australia na Afrika Kusini, ramu ya Jamaica, na karafuu za Zanzibar. Lilikuwa tangazo la biashara la wakoloni, na wachumaji waliopanda mikarafuu ile hawakutajwa popote. Ndiyo maana inaniuma kumsikia Mzanzibari akisema pudini ile haimhusu. Jasho la mababu zake limo ndani yake.

Wako watakaoniuliza kuhusu pombe na shahamu isiyochinjwa kwa sharia, na swali lao ni la haki. Jirani yangu alipojua kwamba sisi ni Waislamu, hakubishana wala hakuona uzito; alitupikia ya kwetu mbali, akaweka maji ya machungwa mahali pa brandi, na shahamu ya mimea inayouzwa madukani mahali pa ile ya ng'ombe. Na kwa anayetaka pudini isiyomtia shaka yoyote, ipo ile ya tende. Tende hulowekwa katika maji ya moto na soda ya kuokea kidogo mpaka zilainike, zikachanganywa kwenye keki, kisha keki ikamwagiwa mchuzi wa sukari nyeusi, siagi na krimu. Sifa zake zilivuma miaka ya 1970 kutoka hoteli ya Sharrow Bay, kando ya ziwa Ullswater, lakini mtu wa Mombasa au Maskati akiila ataona kama imepikwa kwao.

Ninachokilalamikia ni vikopo vya plastiki. Vijana wetu wanaokuja kusoma hununua pudini ya dakika mbili, wakaipasha, wakaiona ni sukari tupu yenye utelezi, kisha wakaandikia nyumbani kwamba pudini za Waingereza ni mbaya. Waingereza wenyewe waliiona hatari hiyo zamani: mwaka 1985, katika hoteli moja ya kijiji cha Mickleton, Gloucestershire, kilianzishwa chama cha kuziokoa pudini za asili, ambacho wageni wake huletewa aina saba kwa jioni moja na kuipigia kura iliyo bora.

Kwa mwanafunzi aliyeko ugenini na anayetaka kuanza, napendekeza ya mkate, kwa kuwa haihitaji zaidi ya kiporo. Chukua vipande vinane vya mkate wa jana, uvipake siagi, uvipange kwenye chombo cha kuokea na kuvinyunyizia konzi ya zabibu kavu. Piga mayai matatu na nusu lita ya maziwa, vijiko vinne vya sukari na kungumanga ya kukuna, au iliki ukiipenda kama mimi, umimine juu. Usiharakishe kuingiza tanurini. Acha nusu saa mkate unywe maziwa, ndipo uoke kwa nyuzi 180 kwa muda wa dakika 35 hivi, hadi juu kukauke na katikati kubaki kukitikisika kidogo. Na ukishaiepua, pakua bakuli moja umpelekee jirani ingali moto.

Msomaji wako,
Leeds, Uingereza