Shukrani kwa mzee wa kwenye boti ya Mkoani

Mzee wangu, jina lako sikukuuliza, ndiyo maana naandika hapa. Jumamosi tulikaa benchi moja kutoka Mkoani, Pemba, hadi Unguja, nami nahangaika na somo la Jumatatu: samaki wanaotoweka. Sisi watu wa changu na tasi, samaki wa baharini, Ziwa Victoria tunalisikia tu. Wewe uliyevua huko ulinieleza samaki wa huko aitwaye ngege mpaka nikawa kama namuona: jike huatamia mayai mdomoni, akinaswa huyatema, na kizazi chote kimekwenda. Ukaniambia habari za nyavu za macho madogo, sangara na sato walioletwa ziwani miaka ya 1950, na jinsi sato anavyozaana na ngege hata asili ya ngege ikafifia.

Kumbe ngege bado wapo Kanyaboli, kule Kenya, kiziwa kilichozungukwa na mafunjo! Jumatatu nilipofika hapo darasani, wanafunzi wangu walipiga makofi.

Yule ngege uliyenichorea nyuma ya tiketi yako tumembandika ukutani skuli. Watoto wanakuamkia, shikamoo mzee. Ahsante sana, Mungu akulipe kheri.