Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: matanki yetu na hili suala la mafuta

Ndugu wanachama habari zenu, mwaka umeisha na katiba inataka nilete taarifa. Hesabu mhazini kashazituma, mimi naongelea matanki yetu ya mwani maana kila mtu anaulizia mafuta yanayotoka humo.

Kwa waliojiunga juzi juzi, mwani wetu sio ule wa kamba wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani, huu mmoja mmoja hauonekani bila hadubini, kinachoonekana ni maji ya kijani tu. Aina yetu ni Nannochloropsis, wa maji chumvi, ndo maana hatugombanii kisima na mtu.

Sasa mafuta. Kuna mradi wa serikali ya Marekani wa mafuta ya mwani, wa 1978 mpaka 1996, ulilichimba sana hili: mwani ukiunyima nitrojeni, ile iliyomo kwenye mbolea, unaacha kuzaana unaanza kuweka akiba ya mafuta. Tumeliona wenyewe, tanki likikatiwa mbolea kijani kinafifia kinaingia unjano. Lakini jamani, kila chembe inanenepa ila chembe haziongezeki, ukiunyima toka mwanzo tanki zima linakupa mafuta kiduchu. Kwahiyo kamati inataka hatua mbili, kwanza tunaulisha ushibe, maji yakikolea mpaka ukizamisha mkono vidole huvioni ndo tunahamishia tanki lisilo na mbolea siku chache halafu tunavuna.

Na kuvuna ndo kunakula hela. Lita elfu moja za bwawa la wazi unapata mwani mkavu nusu kilo hivi, kilichobaki ni maji ya kuhangaika nayo. Shabu inauzamisha vizuri tu ila aluminiamu inabaki humo humo, huo wa shabu tusiupeleke kwa wenye vifaranga vya samaki kabisa.

Wanaotaka tuuze dizeli ya mwani nawaomba sana tusiende huko. ExxonMobil, kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, waliingia humo na Synthetic Genomics, kampuni ya utafiti wa jeni, 2009, 2017 wakatangaza wamerekebisha jeni ya mwani huu huu mafuta yakatoka asilimia 20 yakapita 40 na bado unakua karibu kama kawaida, na hela zote zile 2023 ikajulikana wamejitoa. Sisi soko letu ni vifaranga, wanahitaji omega 3, aina ya mafuta, na mwani wetu unayo kwa wingi, tena ulioshiba mbolea ndo unayo zaidi, ukiunyima mafuta yanapanda ila sehemu ya omega 3 inashuka. Hiki ndo naomba kila mtu akielewe, mafuta mengi sio lazima yawe mafuta anayoyataka mteja!

Pendekezo langu matanki mengi yabaki ya kijani, machache tuyanyime mbolea tujifunzie kukamua mafuta. Mkutano mkuu utapiga kura juu ya hilo, na nyie wa zamu ya usiku msikose, nyie ndo mnajua umeme ukikatika na pampu ya hewa ikazima matanki yanakuwaje, na hela ya betri lazima tuipangie hapo hapo.