Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Kwa niaba ya Chama cha Sayansi tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Nairobi. Tumefurahi kwamba wewe, mhandisi, umekubali kusikiliza habari za kazi yetu ya muhula huu, ambayo ilihusu gesi iliyofungwa ndani ya barafu chini ya bahari.

Barafu hiyo huitwa haidreti ya methani. Penye baridi na shinikizo kubwa, yaani katika mashapo ya kina kirefu baharini au chini ya ardhi iliyoganda ya kaskazini, molekuli za maji hujipanga mfano wa vizimba na kuifungia methani, gesi iwakayo, ndani, hata mita 1 ya ujazo ya haidreti ikiyeyuka hutoa takriban mita 160 za ujazo za gesi. Gesi ya mitungi yetu ya jikoni ni nyingine, ingawa wengi wetu tulidhani ni ileile.

Kilichotushughulisha zaidi ni namna ya kuitoa. Kisima huchimbwa, maji yakavutwa kwa pampu, shinikizo likashuka na vizimba vikaachia gesi. Lakini kuyeyuka huko hunyonya joto, hivyo tabaka hupoa na kazi huzorota. Tena mchanga uliokuwa umeshikwa na barafu hulegea. Mwezi Machi 2013 Japani iliitoa gesi hiyo baharini kwa mara ya kwanza, katika eneo la Nankai, na baada ya siku 6 mchanga ulioingia kisimani ukalikatiza jaribio. Mwaka 2017 China iliendelea kwa siku 60 katika Bahari ya China Kusini.

Mchanga huo nasi umetusumbua. Tulijaza tangi la kioo mchanga na maji, tukatia bomba lenye chujio la kitambaa, tukavuta kwa pampu ya mkono. Chujio liliziba kabla kipindi hakijaisha.

Chamani hatukuafikiana. Wengine walisema kwamba methani ikivuja hupasha dunia joto mara 25 na zaidi kuliko kabonidayoksaidi katika miaka 100, na kwamba sisi wenye umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria hatuna haraka. Wengine walijibu kuwa Japani huagiza karibu gesi yake yote kutoka ng'ambo, hivyo yenyewe ina haja na gesi hii.

Ombi letu kwako ni pampu ya umeme yenye kipimashinikizo, ili tujaribu vichujio vingine, kwani hii ya mkono tuliazima kwa fundi wa mabomba, naye anaitaka Ijumaa.

Ahsante.