Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Familia za Wasaka Makopo, Moshi

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mnaotutangulia njiani,

Kwa wageni, mchezo wetu wa jiokeshingi ni huu: mmoja huficha kopo lenye daftari na kutangaza namba za mahali lilipo, wengine hulitafuta kwa simu na kuandika majina yao daftarini. Naanza na lililoniuma. Mwezi Machi familia yangu iliweka kopo kwenye kihamba (shamba la nyumbani) kimoja cha Kibosho, pembeni ya mfongo, yaani mfereji wa maji, bila kuomba ruhusa. Tulidhani njia ile ni ya wote. Baada ya wiki mbili mama mwenye shamba akawakuta watoto wa familia nyingine wakipekua mashina ya migomba, simu mkononi, maharage yake yamekanyagwa. Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilikwenda kwake na jani la isale, ishara ya Wachagga ya kuomba msamaha, nikaomba radhi, akanipokea. Kopo tuliliondoa siku ileile. Sasa hatufichi kitu kabla mwenye eneo hajakubali kwa kinywa chake. Wala hatuchimbi, hiyo ni kanuni ya jiokeshingi.

Wageni wetu wameuliza mchezo ulitoka wapi. Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya raia ya GPS, mfumo wa satelaiti unaoonyesha mahali ulipo, ambayo awali yaliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Tarehe 3 mwezi huohuo Dave Ulmer akaficha ndoo huko Oregon, Marekani, na kutangaza namba za mahali ilipo ili watu waitafute. Ndani yake kulikuwa hata na kopo la maharage. Leo chakula hakiwekwi, na kwa huku kwetu, penye siafu na tumbili, hakuna haja ya kueleza.

Siku iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya msitu wa Rau. Mahali peupe simu hukosea kama mita 5 tu, lakini chini ya miti ile mikubwa mshale ulizunguka kama kuku aliyepoteza vifaranga. Watoto walianza kukata tamaa. Babu mmoja aliyetusindikiza akasema, "Wekeni simu mfukoni, tafuteni mawe yaliyopangwa na mtu." Binti wa darasa la tatu akayaona: mawe matatu kwenye mzizi wa mvule. Kopo lilikuwa limeingia maji, kurasa za daftari zimegandana kama chapati. Tulizianika juu ya kanga. Majina ya wino yote yalikuwa yamefutika. Ya penseli yalisomeka mpaka la mwisho.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Ombi langu ni moja. Tumefurahia kuficha kuliko kutunza, na kopo lililooza msituni ni takataka yetu. Kabla ya masika kila familia ichukue kopo moja la kulea: mfuniko wenye mpira, daftari kavu ndani ya mfuko wa nailoni, na penseli. Atakayeona hawezi kulifikia aseme mapema, tutamsaidia kuliondoa.

Majina ya walezi naandika leo, kabla hatujatawanyika.