Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Sonona ya Mvulana Imo Kwenye Daftari la Nidhamu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha, sekondari. Tukiulizwa ni wanafunzi gani wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, majina tunayotoa huwa mengi ya wasichana. Wengi ni kweli wanaumwa. Kabla ya balehe tofauti ya jinsia ni ndogo mno. Kuanzia miaka 12 au 13 pengo linapanuka, hadi wasichana wanakaribia kuwa mara mbili ya wavulana.

Wapo wanaolimaliza jambo hili kwa kusema ni homoni. Homoni zimo, sikatai. Ila umri huohuo ndio msichana anaanza kutupiwa maneno njiani, kushikwashikwa na kusemwa umbo lake. Unyanyasaji wa kingono ni chanzo cha sonona kinachojulikana vizuri. Nimnasihi vipi mtoto ambaye anayemsumbua bado anapishana naye koridoni kila siku?

Wavulana nao tunawapoteza kwa njia nyingine. Alikuwa akikaa mbele, sasa yuko dawati la mwisho. Mpira kaacha. Analala darasani, na ukimwamsha anakujibu kwa ukali hadi darasa zima linageuka. Huyo haletwi kwangu. Anapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu, na akianza utoro anasimamishwa masomo, yaani anarudishwa akakae peke yake na hali ileile. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unasema kwamba kwa watoto na vijana, hasira za karibu kila siku kwa wiki 2 zinaweza kusimama mahali pa huzuni. Na katika nchi nyingi, wasichana hujaribu kujiua zaidi, lakini wanaokufa zaidi ni wavulana.

Ombi langu halihitaji semina (tumeshakaa nyingi). Agiza kwamba mwanafunzi asisimamishwe kwa utoro au ugomvi kabla mwalimu wa ushauri hajakaa naye na kutia sahihi kwenye fomu. Malalamiko ya kushikwashikwa yawe na mtu wa kuyajibu kwa maandishi, tena kwa tarehe maalumu. Na tupewe chumba chenye mlango unaofungika: sasa hivi nazungumza na watoto stoo, na kila tukifika penye uzito mtu anaingia kuchukua chaki.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa ushauri nasaha